Nani Alimiliki Gitaa? Wapenzi wa Muziki wa Vijana kutoka Kifungilo hadi Dar es Salaam, 1962–1979

1.0 Utangulizi

Kifungilo ni mahali padogo katika milima ya Usambara Magharibi, wilayani Lushoto. Watanzania wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya shule ya bweni ya wasichana ya masista Wakatoliki. Wachache hulijua pia kwa sababu ya kituo cha yatima ambamo masista kutoka Ujerumani waliwalea watoto machotara, kama walivyoitwa wakati huo, enzi za utawala wa Waingereza. Katika vitabu vya historia ya muziki wa Tanzania jina hilo halina nafasi. Historia hiyo imezoea kuandikwa kwa majina ya miji yenye kumbi za dansi: Dar es Salaam, Tanga, Morogoro na Tabora.

Insha hii inaanzia Kifungilo kwa makusudi. Inachunguza mapenzi ya vijana wa Tanzania kwa muziki wa magitaa ya umeme uliopigwa na vijana wenzao nje ya taasisi kubwa, baina ya mwaka 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri, na mwisho wa miaka ya 1970, uchumi ulipodhoofika. Kwingineko duniani muziki wa namna hiyo umeitwa roki ya gereji, na baadaye roki huru. Tanzania ulipita kwa majina ya bugi na soul, au uliitwa tu muziki wa vijana.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uhuru wa muziki huo nchini Tanzania haukuamuliwa na ukubwa au udogo wa kampuni za kurekodi, kama ilivyokuwa Marekani na Uingereza. Uliamuliwa na jibu la swali moja: nani alimiliki vyombo? Mpenzi wa muziki alipokuwa mmiliki wa vyombo, aliacha nyuma bendi, jina na santuri. Alipobaki kuwa msikilizaji tu, alitoweka katika kumbukumbu. Msichana wa shule ya bweni milimani ndiye msikilizaji aliyetoweka kuliko wote, ingawa mara kwa mara alitajwa kuwa sababu ya kuupiga marufuku mtindo wa vijana.

2.0 Roki ya gereji: jina lililotokana na mpenzi

Roki ya gereji ni jina lililokuja baada ya muziki wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wengi wa Marekani waliunda bendi ndogo na kufanyia mazoezi katika mabanda ya magari ya wazazi wao. Walijua kodi tatu au nne za gitaa, walikuwa na vikuza sauti vya bei nafuu, na walirekodi kwa haraka katika studio za mitaani. Mfano unaotajwa zaidi ni The Kingsmen wa Portland, jimbo la Oregon, waliorekodi wimbo "Louie Louie" mwaka 1963. Uimbaji wao haukusikika vizuri kiasi kwamba uvumi ulienea kuwa wimbo una maneno machafu. Shirika la upelelezi la FBI lilichunguza jambo hilo kwa muda mrefu na mwishowe likakiri kwamba maneno hayo hayaeleweki. Kisa hicho kinaonyesha kwamba dola kuutilia shaka muziki wa vijana hakukuwa tabia ya Afrika peke yake wala ya nchi za kijamaa peke yake.

Jambo la pili katika historia hiyo lina uzito zaidi kwa insha hii. Bendi nyingi za aina hiyo zilisahauliwa ndani ya miaka michache. Aliyezirudisha hakuwa mwanahistoria wala kampuni iliyojali urithi. Alikuwa mpenzi wa santuri, Lenny Kaye, aliyekuwa akiuza santuri dukani na kuandika kuhusu muziki jijini New York. Mwaka 1972 alikusanya nyimbo 27 katika santuri mbili zilizoitwa Nuggets, zikatolewa na kampuni ya Elektra. Kabla ya mkusanyo huo palikuwapo nyimbo zilizotawanyika. Baada yake pakawapo aina ya muziki inayotambulika. Vivyo hivyo, roki huru ya Uingereza ilijengwa kwa kiasi kikubwa na duka: Rough Trade lilifunguliwa London mwaka 1976, na mwaka 1978 wapenzi waliokuwa wakiuza santuri za wengine wakaanza kutoa santuri zao wenyewe.

Hivyo mpenzi wa muziki si mtu wa pembeni katika historia. Ndiye anayechagua kinachodumu, mradi apate mahali pa kuchagulia: duka, santuri za bei anayoimudu, na nafasi ya kuchapisha anachokipenda. Tanzania ilikuwa na wapenzi wa kutosha. Iliyokosekana ni miundo hiyo.

3.0 Kabla ya umeme: beni na klabu za dansi

Kudhani kwamba vijana wa Tanzania walianza kuunda bendi zao kwa kuwaiga Waingereza na Wamarekani wa miaka ya 1960 ni kuikata historia katikati. Terence Ranger, katika utafiti wake wa mwaka 1975 kuhusu ngoma ya beni, alionyesha kwamba tangu miaka ya 1890 watu wa pwani ya Kenya walianzisha vikundi vilivyochukua mitindo ya bendi za kijeshi za Wazungu, vikavipa vyeo, sare na mashindano, na kuvieneza hadi bara. Makundi ya Marini na Arinoti yalikuwa na wanachama, michango na wapinzani. Palipokosekana tarumbeta, vyombo vilitengenezwa kwa vitu vilivyokuwapo. Moyo wa roki ya gereji, yaani kutokungoja ruhusa wala fedha za kutosha, ulikuwapo Afrika Mashariki kabla gitaa la umeme halijabuniwa.

Klabu za dansi ziliurithi moyo huo. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah mwaka 1948, pia mjini Morogoro. Neno "jazz" katika majina hayo halikumaanisha muziki wa New Orleans. Lilimaanisha usasa, na nyuma yake palikuwa na chama cha watu waliochanga fedha ili kununua vyombo. Wapigaji wengi walijifunza kwa sikio kutoka santuri za Kuba zilizoletwa Afrika na kampuni ya HMV tangu miaka ya 1930 katika mfululizo uliojulikana kwa herufi GV. Walizisikiliza santuri hizo, wakazirudia hadi zikawaingia vidoleni, kisha wakazitilia Kiswahili. Mpenzi na mpigaji walikuwa mtu yuleyule.

Kwa wakazi wa Usambara, dansi ya namna hiyo ilikuwa chini ya mlima. Barabara kutoka Lushoto huteremka kupitia Soni hadi Mombo, umbali wa kilometa zipatazo 33, na hapo hukutana na njia ya reli ya Tanga, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1893. Reli hiyo na mashamba ya mkonge yaliyoizunguka iliwaleta Tanga vibarua kutoka pande nyingi za nchi. Jamhuri Jazz, mojawapo ya bendi mashuhuri za mji huo, ilianza miaka ya 1950 kama kikundi cha vijana Wanyamwezi kilichoitwa Young Nyamwezi. Mpinzani wake alikuwa Atomic Jazz. Kelly Askew, aliyefanya utafiti wa muda mrefu mjini Tanga na kuuchapisha mwaka 2002, ameeleza jinsi mashindano kati ya vikundi vya muziki yalivyokuwa sehemu ya uhai wa mji huo, katika dansi na katika taarabu pia. Vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star navyo viligawana mapenzi ya wakazi, na kwa kutumia magitaa vilileta mlio mpya ambao taarabu ya Unguja haikuwa nao.

Kwa hiyo kijana aliyeshuka kutoka Usambara katika miaka ya 1960 hakukuta mji usiojua gitaa la umeme. Alikuta mji uliogawanyika kwa ajili ya gitaa hilo.

4.0 Dola kama mmiliki wa vyombo

Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba ya kuzindua Jamhuri ya Tanganyika, Rais Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo aliwakumbusha wasikilizaji kwamba wengi wao walikuwa wamejifunza rumba, chacha, twisti na rokenroli, lakini wachache waliweza kucheza, au hata waliwahi kusikia, ngoma kama gombe sugu na lelemama. Hotuba hiyo hutajwa mara nyingi kuwa chanzo cha sera ya utamaduni. Kwa mada hii inathibitisha jambo jingine pia: kufikia mwaka 1962 rokenroli ilikuwa imeenea Tanganyika kiasi cha kutajwa na Rais kama desturi ya kawaida ya vijana wa mjini.

Hata hivyo, serikali haikuifuta dansi. Iliipa mwajiri. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi cha NUTA kilianzisha NUTA Jazz, bendi ambayo wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wa kulipwa mshahara. Polisi, Jeshi la Kujenga Taifa, mashirika ya umma na viwanda, kikiwamo kiwanda cha nguo cha Urafiki, vilifuata mfano huo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 utaratibu huu ulionekana kuwa jambo la kawaida. Mwanamuziki alipata mshahara, usafiri na heshima ya kazi. Taasisi ilibaki na magitaa, ngoma na vikuza sauti. Mwanamuziki alipoondoka, aliondoka mikono mitupu.

Faida za utaratibu huo hazipaswi kubezwa. Uliwapa wanamuziki uhakika wa maisha ambao wenzao wa nchi nyingi hawakuupata, na ulizaa muziki uliodumu. NUTA Jazz iliishi kwa majina ya Juwata na OTTU hadi kuwa Msondo Ngoma. Lakini ulibadili maana ya mpenzi wa muziki. Katika klabu za zamani mpenzi alikuwa mwanachama aliyechangia vyombo. Katika bendi za taasisi akawa mteja anayelipa kiingilio mlangoni. Aliyetaka tena kuwa mmiliki, hasa kijana asiye na ajira, alilazimika kukodi vyombo, kuazima, au kumtafuta mfadhili.

Upande wa kurekodi nao ulifuata njia hiyo. Utangazaji ulioanza Dar es Salaam mwaka 1951 ulichukuliwa na serikali mwaka 1965 na kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi iliyotaka santuri ilikwenda Nairobi, na bendi iliyotaka kusikika ilikwenda RTD, ambako ilirekodiwa katika kanda iliyobaki maktaba ya redio. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Njia ya Nairobi ikawa ngumu, na redio ikabaki kuwa karibu mlango pekee. Mmiliki wa vyombo akawa pia, kwa namna fulani, mmiliki wa sauti iliyotoka katika vyombo hivyo.

5.0 Bugi, soul na amri ya mwaka 1969

Katika mazingira hayo zilizaliwa bendi za vijana wa mjini. Dansi la vijana, ambalo mara nyingi lilifanyika mchana ili waliokuwa bado chini ya wazazi waweze kuhudhuria, liliitwa bugi. Mwanamuziki John Kitime, ambaye kwa miaka mingi ameandika kumbukumbu za muziki wa Tanzania, ametaja bendi nyingi za wakati huo: The Sparks, The Tonics, The Rifters, The Barkeys na nyinginezo. Majina yao yalikuwa ya Kiingereza na nyimbo zao za mwanzo ziliigwa kutoka santuri za Marekani na Uingereza. Hayo ndiyo waliyoyafanya The Kingsmen kwa wimbo wa Richard Berry, na ndiyo waliyoyafanya Cuban Marimba kwa santuri za Kuba. Kuiga kulikuwa hatua ya kwanza ya kujifunza, na wengi walivuka hatua hiyo.

Patrick Balisidya ni mfano wa waliovuka. Afro 70, bendi aliyoiongoza kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilichukua mlio wa gitaa wa vijana na kuutia katika nyimbo za Kiswahili. Mwaka 1977 bendi hiyo ilikuwa miongoni mwa wawakilishi wa Tanzania katika tamasha la FESTAC mjini Lagos. Mwaka 1979 Balisidya alirekodi nchini Sweden pamoja na bendi ya huko iliyoitwa Archimedes. Kijana aliyeanzia katika muziki ulioshukiwa kuwa wa kigeni alifika mahali pa kuibeba bendera ya taifa.

Shuku hiyo ilikuwa na nguvu za kweli. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi, vipodozi vya kujichubua na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Novemba 1969 uongozi wa mkoa ulipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam. Mwanahistoria Andrew Ivaska, katika kitabu chake cha mwaka 2011 kuhusu utamaduni wa vijana wa Dar es Salaam, amezichambua barua nyingi ambazo wasomaji walizipeleka magazetini kuhusu amri hizo. Baadhi ya waandishi waliuliza swali gumu: soul ni muziki wa watu weusi wa Marekani, wa kina James Brown, vipi nchi inayoongoza ukombozi wa Afrika iuite uchafu wa kigeni?

Swali hilo lilionyesha ufa uliokuwamo ndani ya sera. Kama kipimo cha utamaduni wa taifa kilikuwa asili ya Kiafrika, soul ilikuwa na dai. Kama kipimo kilikuwa kuzaliwa ndani ya mipaka ya nchi, rumba ya Kikongo na mitindo ya Kikuba iliyopigwa na bendi za taasisi isingepita. Kipimo kilichofanya kazi kwa vitendo hakikuwa mlio wa muziki. Kilikuwa mwenye muziki. Rumba ilipigwa na bendi zilizokuwa chini ya chama, jeshi na viwanda. Soul ilipigwa na kuchezwa na vijana ambao hakuna taasisi iliyowajibika kwao, katika kumbi ambazo wasichana waliweza kuingia bila wazazi. Amri ya mwaka 1969 husomwa vizuri zaidi kama mgogoro wa malezi na umiliki kuliko kama mgogoro wa ladha.

6.0 Njia ya kusini: Sunburst na Zambia

Kisa cha bendi ya Sunburst kinaonyesha kilichotokea kwa vijana waliokataa kuajiriwa na kubaki wapigaji wa roki. Bendi hiyo iliundwa Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970. Miongoni mwa waliokuwamo ni mpiga gitaa Hembi Flory Kongo, aliyetoka Kongo, na mwimbaji James Mpungo. Walichanganya roki, soul na midundo ya Kiafrika, wakaimba Kiswahili na Kiingereza. Walipata wapenzi wengi mjini, lakini santuri yao ndefu, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976 nchini Zambia.

Hilo halikuwa jambo la bahati. Zambia nayo ilikuwa chini ya chama kimoja na ilikuwa na kiongozi aliyehimiza muziki wa nyumbani. Rais Kenneth Kaunda aliagiza redio ipige kwa sehemu kubwa kabisa muziki wa Kizambia. Lakini miji ya machimbo ya shaba ilikuwa na vijana wenye kipato, na palikuwa na kampuni za santuri zilizotafuta bidhaa ya kuuza. Agizo la redio likawa soko. Bendi kama WITCH, iliyoongozwa na Emmanuel "Jagari" Chanda, na Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga zilitoa santuri ambazo leo hujulikana duniani kwa jina la Zamrock. Nchi mbili jirani, zilizounganishwa wakati huohuo na reli ya TAZARA, zilitaka muziki wa nyumbani. Moja ilikuwa na mahali ambapo bendi isiyo na mwajiri ingeweza kurekodi na kuuza, nyingine ilikuwa na redio ya taifa na bendi za taasisi. Matokeo yake ni kwamba roki ya vijana wa Zambia imebaki katika santuri, na roki ya vijana wa Tanzania imebaki kwa kiasi kikubwa katika masimulizi.

Wapenzi wa muziki ndio walioirudisha Sunburst pia. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ya London ilitoa upya rekodi za bendi hiyo za miaka ya 1973 hadi 1976. Mtafiti Mjerumani Werner Graebner alifanya kazi kama hiyo kwa dansi na taarabu, hasa katika mfululizo wa Zanzibara uliochapishwa Ufaransa. Juzuu yake ya tatu inahusu muziki wa Tanzania wa miaka ya 1960. Kwa upande wa kanda za RTD, mwanzoni mwa miaka ya 2010 Tanzania Heritage Project ilianza kutafuta fedha ili kanda hizo zihamishiwe katika mfumo wa dijitali. Kazi ya kina Lenny Kaye imefanyika, lakini kwa kuchelewa, na kwa sehemu kubwa nje ya nchi.

7.0 Kifungilo: kupenda bila kumiliki

Mpaka hapa historia imekuwa ya wanaume wenye magitaa au wanaoyatafuta. Kuitazama kutoka Kifungilo kunaleta upande wa pili.

Katika miaka ya 1960 redio za transista zinazotumia betri kavu zilienea vijijini kote Afrika Mashariki. Tofauti ya chombo hiki na gitaa la umeme ina uzito wa kihistoria. Gitaa la umeme lilifungwa na waya: palipokosekana umeme na kikuza sauti halikuwa na kazi. Transista ilipanda mlima. Ilifika pasipo na ukumbi, pasipo na duka la santuri, na ndani ya nyumba ambamo msichana hakuruhusiwa kutoka baada ya jua kutua. Kwa hiyo jiografia ya wapenzi wa muziki ilikuwa pana mno kuliko jiografia ya bendi. Vipindi vya salamu na maombi ya nyimbo vilimpa msikilizaji wa mbali nafasi moja ya kusikika: jina lake kutajwa hewani pamoja na majina ya aliowasalimu na wimbo alioutaka. Kwa wengi hiyo ndiyo iliyokuwa saini yao pekee katika historia ya muziki.

Ushahidi kwamba mapenzi ya muziki yaliyoota Kifungilo yangeweza kuwa kazi ya maisha upo katika maandishi. Maria Nhambu alilelewa katika kituo cha yatima cha Kifungilo, akaenda Marekani mwaka 1963, na baadaye akaandika maisha yake katika vitabu vitatu. Cha kwanza, Africa's Child, kilitoka mwaka 2016. Anaeleza humo jinsi ngoma na kucheza vilivyomfariji katika utoto usio na wazazi. Akiwa Minnesota alibuni mazoezi ya viungo yanayofuata midundo ya Kiafrika, akayaita Aerobics With Soul, na kuyafundisha kwa miaka mingi. Muziki aliouanza nao haukuwa roki, bali ngoma iliyomzunguka milimani. Lakini mwenendo wake ni uleule wa wapenzi waliojadiliwa katika insha hii: alichukua alichokisikia, akakitengeneza upya kwa nyenzo alizokuwa nazo, bila kungoja taasisi impe kibali. Tofauti ni kwamba aliweza kukimiliki alichokitengeneza baada ya kuondoka nchini.

Waliobaki walikutana na masharti mengine. Amri za miaka ya 1968 na 1969 zilimlenga msichana zaidi ya mvulana: sketi yake, wigi lake, ngozi yake, saa yake ya kurudi nyumbani. Katika mijadala ya magazeti alionekana kama mtu wa kulindwa au wa kukaripiwa, na mara chache sana kama mtu mwenye sikio, anayejua kwa nini anaipenda bendi hii na si ile. Bendi za bugi zilikuwa za wavulana. Katika dansi la taasisi jukwaa lilikuwa la wanaume kwa sehemu kubwa mno. Taarabu ya Tanga ilikuwa na waimbaji wanawake mashuhuri, na Shakila Said wa Black Star ni kielelezo chao, lakini taarabu ilikuwa na heshima ya watu wazima ambayo muziki wa vijana haukuwa nayo. Msichana wa shule aliyependa magitaa alikuwa nje ya jukwaa mara tatu: kwa umri, kwa jinsia, na kwa umbali.

Inaweza kupingwa kwamba kusikiliza si tendo la kihistoria, na kwamba mwanahistoria afuate waliotunga na kupiga. Pingamizi hilo linashindwa mbele ya ushahidi uliokwisha kuelezwa. Klabu za dansi ziliundwa na wasikilizaji wa santuri. Roki ya gereji ilipata umbo kutokana na msikilizaji aliyekusanya. Amri ya mwaka 1969 haikutolewa kwa sababu ya wapigaji wachache tu, bali kwa sababu ya umati uliowafuata. Kama wasikilizaji walikuwa na uzito wa kutosha kuitia serikali wasiwasi, wana uzito wa kutosha kuandikwa.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba muziki wa vijana wa magitaa nchini Tanzania haukuwa mwigo uliodandia pwani kutoka ng'ambo na kupotea. Ulikuwa hatua mojawapo katika mfululizo mrefu wa watu waliounda muziki wao kwa michango na kwa sikio, tangu beni hadi klabu za dansi. Mfululizo huo ulibadilika pale taasisi za umma zilipokuwa wamiliki wakuu wa vyombo na redio ya taifa ilipokuwa mmiliki mkuu wa kanda. Waliopata mwajiri walidumu. Waliokataa au kukosa mwajiri walivunjika, walibadili mtindo, au walivuka mpaka kama Sunburst. Matatizo ya uchumi ya miaka ya 1970, ikiwamo kupanda kwa bei ya mafuta kuanzia mwaka 1973 na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, yalifanya hata kupata nyuzi za gitaa na vipuri vya vikuza sauti kuwa jambo la shida.

Kutokana na hayo, kazi ya kukusanya kanda za redio, ingawa ni ya lazima, haitoshi. Kanda huhifadhi waliofika studio. Waliobaki mlimani wamehifadhiwa katika vitu vidogo zaidi: daftari la shule lililonakiliwa mashairi ya nyimbo, kadi ya salamu iliyorudi na muhuri wa posta, santuri iliyokwaruzika isiyo na mashine ya kuipigia, na masimulizi ya bibi anayekumbuka saa ya kipindi na jina la mpiga solo. Waliokuwa na miaka 16 amri ya soul ilipotolewa mwaka 1969 sasa wamevuka miaka 70. Historia simulizi ya wapenzi wa muziki katika Lushoto, Korogwe na Tanga haihitaji studio wala fedha nyingi. Inahitaji mtafiti aende na daftari, na aulize kwanza si nani alipiga, bali nani alisikiliza.